Makala za Wataalamu na Msomaji wa Nyahanga

Mwaka 1987 jarida la African Affairs, lililoasisiwa Uingereza mwaka 1901 kwa ajili ya wanazuoni wachunguzao mambo ya bara letu, lilichapisha makala ya Ray Abrahams wa Chuo Kikuu cha Cambridge juu ya Sungusungu, lile jeshi la jadi lililozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika vijiji vya Kahama na vya majirani zake, pale watu walipochoshwa na wezi wa ng'ombe na wanyang'anyi hata wakaazimu kujilinda wenyewe kwa pinde na filimbi. Mwandishi huyo hakuwa mgeni wa juzi. Alikuwa akiyachunguza maisha ya Wanyamwezi na jirani zao tangu mwisho wa miaka ya 1950, kabla Tanganyika haijapata uhuru, na aliyoyaeleza humo ni mambo ambayo wazee wa Nyahanga, iliyo kata mojawapo ya Manispaa ya Kahama, waliyaona kwa macho yao, na yamkini wengine waliyatenda kwa mikono yao. Makala hiyo ingalipo, imehifadhiwa neno kwa neno, na mtu mwenye simu janja na idhini ya maktaba aweza kuifungua akiwa ameketi kibarazani kwake. Hata hivyo sidhani kama katika nyumba mia za kata hiyo utampata mmoja aliyepata kuisoma, na hilo ndilo linalonifanya niishike kalamu leo.

Wala si makala hiyo peke yake. Mwaka 2005 mwanauchumi Edward Miguel alichapisha utafiti wake juu ya mauaji ya vikongwe wanaosingiziwa uchawi katika wilaya ya Meatu, akaonyesha kwamba miaka ya ukame na ya mafuriko, yaani miaka ya njaa, ndiyo ambayo mauaji hayo huzidi maradufu. Mwaka 1995 jarida la tiba la The Lancet lilitangaza matokeo ya jaribio lililofanyika katika jamii 12 za mkoa wa Mwanza wa siku zile, ambamo tiba bora ya magonjwa ya zinaa ilipunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kwa takriban asilimia 40, na habari hiyo ikajadiliwa na madaktari wa dunia nzima. Tunazo tafiti za zebaki katika machimbo ya Rwamagasa, tunazo za ngitili, ile misitu ya malisho ya Shinyanga, tunazo za migodi ya Bulyanhulu na Geita. Watu wa Usukuma na Unyamwezi wamepimwa damu, wamehojiwa, wamehesabiwa mifugo yao na miti yao, na ilimu iliyopatikana kwao ikasafirishwa na kuwekwa mahali ambapo wao wenyewe hawajui namna ya kupafikia. Ninaloamini, na nitakalojitahidi kulieleza, ni kwamba ilimu hiyo yaweza kuitwa ikarudi, kwa kuwa njia yake imekwisha kufunguliwa, walakini wanaoijua ni wachache.

Msomaji ninayemkusudia hasa ni yule mwalimu, muuguzi au karani anayesoma huku akifanya kazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kuzinduliwa Januari 1994, kiliundwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, nacho kina vituo katika mikoa yote ya nchi. Mwalimu wa Nyahanga aliyejiandikisha huko hana rafu za vitabu karibu naye kama alivyo nazo mwenzake anayelala katika mabweni ya Mlimani, Dar es Salaam. Afikapo mahali pa kuandika tasnifu, akaambiwa na msimamizi wake asome maandiko ya waliomtangulia, aghalabu hukimbilia Google, akachukua yaliyo juu kabisa, akayapanga, akayapeleka. Msimamizi humrudishia kazi akimwambia kwamba vyanzo vyake ni dhaifu, na mwalimu hubaki akijiuliza wapi vilipo vile vyenye nguvu.

Yafaa kwanza tueleze tofauti. Injini ya kutafutia kama Google huokota kila kilichomo katika mtandao, tangazo la biashara pamoja na hotuba ya waziri, uzushi pamoja na hakika, ikavipanga kwa kanuni zake yenyewe. Kanzidata ya kitaaluma ni kitu kingine; ni hazina iliyokusanywa na watu kwa kuchagua, ambayo kila makala iliyomo imeandikiwa wasifu wake: jina la mwandishi, kichwa cha makala, jina la jarida, mwaka, kurasa, mada zake, na muhtasari. Na aghalabu majarida yenyewe ni yale ambayo makala haichapishwi mpaka ipelekwe kwa wataalamu wawili au watatu wa fani ileile, wasiojulikana kwa mwandishi, wakaichambua na kuitia kasoro, na mwandishi akazisahihisha au akajitetea. Utaratibu huo haumfanyi mwandishi kuwa maasumu. Makala nyingi zilizopita katika chujio hilo zimekuja kukanushwa baadaye. Lakini humhakikishia msomaji kwamba kuna macho mengine yaliyotangulia kuitazama.

Ugumu ni kwamba majarida mengi ya namna hii huuzwa, na bei yake ni kubwa. Mtu akitaka kununua makala moja tu kutoka kwa mchapishaji mkubwa wa Ulaya au Marekani, huombwa dola 30 au zaidi, na mtu mwenye akili hawezi kutoa kiasi hicho kwa kurasa kumi ambazo hajui kama zitamfaa. Kwa sababu hiyo maktaba za vyuo hulipa ada ya mwaka kwa niaba ya wasomaji wake, na vyuo vya nchi yetu, vilipoona kwamba kila kimoja peke yake hakiwezi, vilijiunga katika umoja wao uitwao COTUL ili kununua kwa pamoja. Fauka ya hayo, Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mnamo 2002 mpango wa HINARI, unaozipa taasisi za nchi maskini majarida ya tiba bila malipo au kwa malipo haba. Mwaka uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo likaleta AGORA kwa ajili ya kilimo, kisha ikaja mipango ya mazingira, ya ufundi na ya sheria, na yote leo huitwa kwa jina moja la Research4Life. Tanzania imo katika kundi la nchi zisizotozwa. Hazina ya JSTOR, ambayo hutunza majarida ya zamani tangu toleo la kwanza na ambayo makala ya Abrahams imo, iliziondolea taasisi za elimu za Afrika ada zake tangu 2006. Zaidi ya hizo ipo AJOL, hazina ya majarida yanayochapishwa Afrika yenyewe, iliyoanza mwaka 1998, ambamo mtu hukuta tafiti za wanazuoni wa Morogoro, Ibadan na Nairobi ambazo wachapishaji wa Ulaya hawakuzijali.

Zamani hata kama idhini ingalikuwapo, chombo cha kuipitishia hakikuwapo. Kabla ya Julai 2009, ulipoanza kazi Dar es Salaam mkongo wa baharini wa SEACOM, intaneti ya nchi hii ilipita kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua, na kupakua faili moja kulikuwa kazi ya kuchosha. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipotandazwa kuelekea mikoani, hali ilibadilika. Na leo makala yenye kurasa kumi na tano, isiyokuwa na picha nyingi, aghalabu haizidi megabaiti mbili au tatu, kiasi ambacho bando dogo laweza kukibeba bila kumuumiza mwenye nalo.

Sasa tuingie kazini, nami nitachukua mfano mmoja niufuate mpaka mwisho, maana mafundisho ya jumla katika jambo hili hayamfai mtu. Tuseme mwalimu wetu wa Nyahanga anataka kuandika juu ya zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, kwa sababu ana wanafunzi ambao baba zao hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha wakaichoma juu ya moto wa mkaa uani, watoto wakiwa karibu. Anaingia katika ukurasa wa maktaba ya chuo chake, anaandika jina la mtumiaji na nenosiri, anachagua kanzidata, na mbele yake kinatokea kisanduku kimoja cheupe. Hapo ndipo wengi huharibu kazi, kwa kuandika swali zima kama wanavyomwuliza mtu: ni madhara gani wanayopata wachimbaji wadogo wa dhahabu katika mkoa wa Geita? Kanzidata haijibu maswali. Inalinganisha maneno tu. Sharti swali livunjwe, yabaki maneno yale ambayo mwandishi wa makala asingeweza kuyaepuka katika kuandika. Humo mna mambo matatu: zebaki, dhahabu, na mahali. Na kwa kuwa makala nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, sharti maneno yawe ya Kiingereza: "mercury", "gold", na "Geita" au "Tanzania".

Maneno hayo huunganishwa kwa viungo vitatu vya herufi kubwa. AND humaanisha kwamba yote mawili yawemo, basi kila ukiongeza neno kwa AND matokeo hupungua. OR humaanisha lolote kati yake, basi kila ukiongeza neno kwa OR matokeo huzidi. NOT hutoa, nacho ni kiungo cha kutumiwa kwa hadhari, kwa kuwa chaweza kuitupa makala njema kwa sababu imelitaja kwa bahati neno usilolitaka. Asili ya mantiki hii ni George Boole, mwanahisabati wa Uingereza aliyefariki mwaka 1864, ambaye hakuwaza kwamba hesabu yake ingekuja kutumiwa na mwalimu wa shule ya msingi wa Kahama. Maneno mawili yanayopaswa kukaa pamoja hufungwa kwa alama za kunukuu, kama "small-scale mining", la sivyo kanzidata itayatafuta kila moja mahali pake. Na katika kanzidata nyingi kinyota mwishoni mwa shina la neno huleta miisho yake yote, hata "min*" ikaleta mgodi, mchimbaji na uchimbaji pamoja, ingawa italeta na madini, na dakika, na mengine yasiyohusika, basi ni afadhali shina lisiwe fupi mno.

Mwalimu akiandika zebaki na dhahabu tu, ataletewa makala za Brazili, Indonesia, Ghana na Ufilipino, maelfu kwa maelfu. Akiongeza Tanzania zitapungua sana. Akiongeza Geita zitabaki chache, na kati ya hizo ataona moja ya mwaka 2010 katika jarida la Science of the Total Environment, iliyoongozwa na daktari Stephan Bose-O'Reilly, juu ya afya ya wachimbaji wadogo wa Tanzania. Aifungue, lakini asianze kusoma tangu mstari wa kwanza. Aanze na muhtasari, ambamo ataambiwa kwamba walipimwa watu 180 wa Rwamagasa pamoja na 31 wa kulinganishwa nao wasiokaa machimboni, na kwamba waliopatikana na zebaki nyingi mwilini ni hasa wale wanaochoma. Kisha aende kwenye hitimisho, kisha kwenye mbinu, na akiona bado inamhusu ndipo airudie yote kwa utulivu. Na hapo kuna jambo ambalo mwanafunzi mgeni hulipita: makala imetoka mwaka 2010, lakini vipimo vilichukuliwa mwaka 2003. Asiyeangalia ataandika katika tasnifu yake kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa hali ya Rwamagasa mwaka 2010, ilhali miaka saba ni dahari nzima katika machimbo, ambako kitongoji cha watu elfu huweza kuhama kwa mwezi mmoja wakisikia dhahabu imetoka kwingine.

Makala moja ikipatikana, nyingine huja kwa wepesi. Mwisho wake kuna orodha ya maandiko yaliyotumiwa, nayo ndiyo njia ya kurudi nyuma. Humo mwalimu atakutana na makala ya Peter van Straaten ya mwaka 2000, juu ya zebaki katika machimbo madogo ya Tanzania na Zimbabwe, ambayo wengi waliofuata wameitegemea. Na katika Google Scholar, iliyoanza Novemba 2004, chini ya kila makala kuna kiungo kinachoonyesha walioitaja baadaye, nayo ndiyo njia ya kwenda mbele mpaka mwaka huu. Baada ya kuvuka huku na huku mara kadhaa, mtu huanza kuona majina yaleyale yanarudi, akatambua ni nani walio wakuu wa somo hilo, nani wanakubaliana na nani wanapingana. Na ugomvi wa wataalamu, ukiupata, ndio unaokuonyesha mahali ambapo bado pana kazi ya kufanywa.

Kuna kikwazo kimoja kinachowahusu watu wa kanda hii kuliko wengine, nacho ni majina ya mahali. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012. Makala zote za kabla ya hapo huiita Geita wilaya ya mkoa wa Mwanza, na mtafutaji anayeandika "Geita Region" peke yake atazikosa zote za miaka arobaini iliyotangulia. Mwaka huohuo Meatu, Maswa na Bariadi zilitolewa Shinyanga zikaundiwa mkoa wa Simiyu, na Bukombe ikapelekwa Geita, kwa hiyo utafiti wa Miguel niliokwisha kuutaja, ingawa ni wa Meatu, unasimuliwa kama habari ya Shinyanga. Ukirudi nyuma zaidi, enzi ya Waingereza, Kahama ilikuwa katika Jimbo la Magharibi ambalo makao yake yalikuwa Tabora, ilhali Shinyanga ilikuwa katika Jimbo la Ziwa, na nchi yenyewe iliitwa Tanganyika. Mtafutaji wa habari za Kahama za miaka ya 1950 akiandika Shinyanga na Tanzania hatapata kitu, naye ataondoka akidhani hapakuandikwa chochote. Sharti ajue historia ya mipaka ndipo ajue maneno ya kutafutia. Kadhalika tahajia: msitu wa malisho huandikwa "ngitili" na wengine, na "ngitiri" na wengine, na yafaa kuziunganisha zote mbili kwa OR.

Habari ya ngitili yenyewe yastahili kusomwa na kila mtu wa Shinyanga. Misitu ya huko ilikatwa kwa wingi zamani, kwa sababu ya mbung'o na ya mashamba ya pamba, hata nchi ikawa tupu. Na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, ambao badala ya kuleta miti ya kigeni uliishika desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Mnamo 2002 mradi huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na wachunguzi wakakadiria kwamba ngitili zilizohuishwa zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Leo wanafunzi wa misitu wa nchi za mbali hufundishwa habari hiyo darasani. Mimi naona ni haki ya mjukuu wa aliyeifunga ngitili ile kuisoma sifa ya babu yake, na kuyasoma pia yale yanayobishaniwa, kwa mfano kama maskini wasio na ardhi walinufaika sawa na wenye makundi makubwa ya ng'ombe.

Sharti niseme pia juu ya hadaa, kwa kuwa imezagaa. Yapo majarida ambayo kazi yake ni kupokea fedha za waandishi na kuchapisha kila kinacholetwa, bila mtaalamu yeyote kukitazama, na majina yake hufananishwa na ya majarida ya heshima ili yasitambulike kwa haraka. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado, alitunza orodha ya majarida hayo kwa miaka kadhaa mpaka 2017, naye alipata uadui mwingi kwa sababu hiyo. Msomaji wa kawaida aulize tu: je, jarida hili limo katika kanzidata ambayo maktaba yangu inaitegemea? Je, bodi yake ya wahariri ina watu wanaojulikana vyuoni mwao? Je, linaahidi kuchapisha ndani ya siku tatu? Hadaa mpya zaidi hutoka katika programu za akili mnemba, ambazo ukiziomba marejeo hukupa makala zenye majina ya kupendeza, waandishi wa kweli na kurasa kamili, kumbe makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mwanadamu. Dawa yake ni namba ya utambulisho, ile ianzayo na 10 na nukta, ambayo majarida mengi huipa kila makala yao. Iandike katika tovuti ya doi.org, na ikiwa haikufikishi kwenye makala uliyoahidiwa, usiitie katika tasnifu yako.

Na mlango ukiwa umefungwa, yaani makala umeiona, muhtasari umeusoma, lakini maandishi kamili yanadaiwa fedha? Kwanza nakili kichwa cha makala ukitafute katika Google Scholar, kwa kuwa mara nyingi mwandishi ameweka nakala yake katika hazina ya chuo chake. Vyuo vyetu navyo vina hazina za namna hiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huweka humo tasnifu za wanafunzi wao, na katika mambo ya mikoa yetu tasnifu hizo mara nyingi hushinda makala za nje kwa kina, maana zimeandikwa na watu walioisikia lugha ya wenyeji. Ikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe; anwani yake imo katika ukurasa wa kwanza, na mtafiti kwa kawaida hufurahi kuombwa kazi yake, kwa kuwa fedha ile inayodaiwa haiingii mfukoni mwake. Ikishindikana hiyo pia, mwendee mkutubi.

Hapa nina lawama, nami nitaisema wazi. Vyuo vingi huwafundisha wanafunzi wapya matumizi ya kanzidata kwa saa moja katika juma la kwanza, siku ambayo mwanafunzi bado anatafuta chumba na hajui hata somo lake litakuwa nini. Nenosiri hubandikwa ubaoni, likibadilishwa halitangazwi, na anayesoma kwa masafa hapati habari kabisa. Ada zimelipwa, mikataba imetiwa saini, mkongo umepita, na hazina inalala bila wasomaji. Kisha wakati wa bajeti husemwa kwamba majarida hayatumiki, basi fedha zake zipunguzwe. Mafunzo hayo yangepaswa kutolewa mwanafunzi akiwa na swali lake mkononi, mwaka wa pili au wa tatu, na kutolewa kwa Kiswahili, kwa kuwa kutafuta ni ufundi wa akili, na ufundi hushikwa upesi zaidi ukielezwa kwa lugha ambayo mtu huwazia. Wakutubi wa kuyatoa tunao. Chuo cha Ukutubi cha Bagamoyo kimekuwa kikiwafunza kwa miaka mingi, nao mara nyingi huketi wakigonga mihuri ya kuazimia vitabu ilhali ujuzi wao mkubwa hauulizwi.

Si kila ilimu iliyomo ni ya Kiingereza. Majarida ya Kiswahili na Kioo cha Lugha, yanayotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huchapisha uchunguzi wa lugha na fasihi kwa Kiswahili sanifu, nayo husomwa mtandaoni. Laiti watafiti wa zebaki na wa malisho nao wangelazimika kuandika muhtasari wa Kiswahili juu ya kila makala, ukurasa mmoja tu, tungepunguza nusu ya taabu hii. Baadhi ya majarida ya nchi nyingine hudai muhtasari wa lugha ya wenyeji, wala haikuonekana kuwa ni mzigo.

Asiyekuwa mwanafunzi wa chuo chochote asidhani kwamba habari hizi hazimhusu. Mpango wa Research4Life huziandikisha taasisi, wala si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo hospitali, halmashauri au shule ya uuguzi yaweza kujiandikisha yenyewe, na watumishi wake wakapata njia. JSTOR humruhusu mtu binafsi aliyejiandikisha bure kusoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi. PubMed Central, ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, haidai chochote, wala DOAJ, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, ambayo huorodhesha majarida ya bure tu. Na ripoti kubwa ya mwaka 2005 juu ya ngitili za Shinyanga, iliyotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN, imo katika maktaba ya mtandaoni ya shirika hilo, kurasa zake zote, bila ada wala nenosiri.